Barafuto Iliyopanda Kutoka Baharini

Kijana, kabla hujafungua kopo la rangi, tema mate kiganjani na ukibandike kiganja hicho ukutani. Ukikitoa kikiwa cheupe, funga kopo lako. Ukuta huo bado unatoa unga wa chokaa, na chochote utakachochora juu yake kitabanduka kabla ya mvua mbili kunyesha. Usugue kwanza kwa brashi ya waya, uupake rangi ya maji iliyozimuliwa sana, uuache siku mbili, kisha urudi tena na mate yako.

Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa, na wale vijana watatu waliokuja kwangu mwezi uliopita hawakulijua. Walikuwa wamepewa kazi ya kuchora ramani kwenye shule moja karibu na Iguguno. Walikuwa na mashine ya kumulika picha ukutani, mtu anafuatisha mistari kwa penseli. Ni mashine nzuri, sina ubaya nayo. Umeme ukakatika siku mbili. Mtu akawaambia kuna mama mmoja Kinampanda alikuwa akichora dunia nzima kwa uzi na mkaa. Wakaja, wakaniamkia shikamoo kama watoto waliofunzwa, wakakaa. Nikawaeleza kwa mdomo, lakini niliona mmoja anaandika kwenye simu na wawili wanasahau papo hapo. Kwa hiyo naandika.

Mimi nimechora kuta za shule tangu nikiwa msichana mpaka goti lilipokataa ngazi. Shule niliacha darasa la sita. Baba alikufa, mwaka uliofuata mama naye, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Chini yangu walikuwa Elisha, Tabitha na Mika, ambaye alikuwa bado hajaota meno yote. Sitaeleza zaidi, kwa sababu mnaofiwa mnajua na msiofiwa hamtajua kwa kuelezwa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Msengi, mzee mfupi aliyekuwa akipita shule kwa shule na baiskeli, makopo yakining'inia nyuma kama kuku wa mnadani. Watu walidhani alinichukua kwa huruma. Nilimuuliza siku moja.

"Huruma ya nini?" akasema. "Ngazi yangu imeoza pale juu. Nilihitaji mtu mwepesi."

Ilikuwa kweli. Nilipanda ngazi ile miaka mitatu na vipago viwili vilivunjika nikiwa juu yake. Mara zote mbili aliuliza kwanza kama rangi imemwagika.

Alinifundisha kupiga uzi. Unachukua uzi wa kushonea magunia, unausugua kwa mkaa, mnaukaza wawili kutoka kona hadi kona, unauvuta katikati kama mtu anayejaribu kamba ya upinde, unauachia. Tap. Mstari umenyooka kuliko rula. Unapiga hivyo kushuka na kukata mpaka ukuta uwe kama karatasi ya hesabu. Ramani iliyo kitabuni nayo unaigawa miraba hiyohiyo kwa penseli. Kisha unasahau kwamba unachora Afrika. Unachora mraba mmoja. Ukimaliza huo, unachora mwingine. Mtu anayechora Afrika atakosea Somalia. Mtu anayechora miraba atafika Somalia akiwa hana habari.

Alinifundisha pia upepo. Hapa kwetu upepo huamka saa nne asubuhi ukiwa umebeba vumbi la kila shamba lililolimwa. Rangi ya mafuta ikiwa mbichi inalishika lote, na bahari yako itakuwa na ngozi kama ya kenge. Kwa hiyo tulianza alfajiri, saa nne tukafunika makopo, tukafanya kazi ya penseli. Fundi anayepaka saa saba mchana Singida ni fundi aliyehamia jana.

Na kulikuwa na mkanda. Mnaujua. Kila ukuta wa shule chini umepakwa mkanda mweusi au wa kahawia wa rangi ya mafuta, usawa wa kiuno, kwa sababu ya miguu ya watoto na matope ya mvua. Mkanda ule walimu wakuu hawakukubali uguswe. Ramani ya dunia ilitakiwa iwe kubwa, na ukuta ulikuwa mfupi, kwa hiyo dunia ilishuka mpaka ikakutana na mkanda, na kilichobaki chini hakikuchorwa. Miaka yote hiyo, katika kila shule tuliyochora, Ncha ya Kusini ilikuwa chini ya rangi nyeusi.

"Na huku?" nilimuuliza Msengi mara ya kwanza.

"Huko hakuna mtu," akasema. "Hakuna atakayekuja kulalamika."

Hakusema uongo. Waliolalamika siku zote walikuwa wenye makwao. Kijiji kimoja, mwenyekiti alikuja akatazama ramani ya Tanzania, akauliza kijiji chake kiko wapi. Msengi akamwonyesha nukta. Mwenyekiti akasema nukta ile ni ndogo kuliko ya Dodoma. Msengi akasema Dodoma ni kubwa zaidi. Mwenyekiti akasema, "Lakini ukuta ni wa kwetu." Tukaipanua nukta. Mpaka leo ukipita pale utaona kijiji chenye nukta kubwa kama ya makao makuu, na wenyeji wake hawaoni kosa.

Basi nawaeleza sasa kosa langu mimi, maana ya Msengi nimeyataja ya kutosha.

Msengi alipopata mtoto wa jicho, kazi ikaniangukia peke yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ukoo wetu ulikuwa umekaa kikao juu yetu mara mbili. Aliyekuwa na sauti kubwa alikuwa baba mdogo Mkumbo, mdogo wa marehemu baba, mfugaji wa Kinyangiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mpango: Elisha aende kwake akachunge, Tabitha aende kwa shangazi, Mika achukuliwe na ndugu wa mama huko Iguguno, na mimi niolewe. Nilisema hapana. Nikasema nina kazi, watakula, watasoma, watalala nyumba moja.

"Kazi gani?" aliuliza mbele ya watu. "Kuchora samaki ukutani? Samaki wa rangi analiwa?"

Wakacheka. Lakini kikao kilinipa muda. Waliniambia: mpaka alizeti itakapovunwa. Baba mdogo atakuja kuona kwa macho yake kama kazi hiyo ni kazi. Akiona ni mchezo, watoto watagawanywa. Sikuwa na hoja nyingine ya kuwapa zaidi ya ukuta.

Ukuta ulipatikana. Ilikuwa shule ya msingi ileile aliyosoma Elisha, darasa la saba. Ukuta mrefu wa nje, unaotazama uwanja wa mstarini, na nyuma ya uwanja ni njia ya kwenda mnadani. Kila aliyepeleka mbuzi aliuona. Mwalimu wa jiografia, Mwalimu Kiula, kijana mwenye miguu mirefu na haraka nyingi, alitaka picha tano za sura za nchi: volkano, delta, jangwa, bonde la ufa, na barafuto. Mwalimu mkuu alinong'ona nami kando kwamba kuna shule mbili jirani zinasubiri kuona ukuta huu kabla hazijamwita fundi. Nilielewa kwamba kama ukiwa mzuri nina kazi ya mwaka mzima.

Nne za kwanza hazikunisumbua. Bonde la ufa tunaliona kila tukishuka kwenda Sekenke. Volkano niliweka Mlima Hanang. Jangwa ni kazi ya rangi moja na subira. Barafuto ndiyo ilikuwa mgeni.

Mwalimu Kiula alikuwa na kitabu kikubwa alichopewa na mtu, chenye picha zilizopigwa kutoka angani. Akanifungulia ukurasa.

"Hii iko kusini kabisa ya dunia," akasema. "Hakuna mji, hakuna njia. Ni mto wa barafu. Barafu yenyewe ndiyo inayotembea. Unaona? Hapa inakutana na bahari. Chora hii, fundi. Nataka watoto waone kitu ambacho hawatakiona."

Kisha akapata habari ya msiba kwao Manyoni, akapanda gari siku hiyohiyo. Akaniachia kitabu.

Maelezo ya kitabu yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia kwenye kumwamkia mwalimu. Nilikuwa na picha tu. Juu ya ukurasa kulikuwa na bahari nyeusi, na pale barafu ilipoigusa kulikuwa na mapande makubwa yaliyobanana, kama ng'ombe langoni pa zizi jioni. Katikati, ulimi mpana mweupe ukipita baina ya milima myeusi, wenye michirizi ya mawe iliyofuata mkondo kama njia za magari. Na chini ya ukurasa, uwanda mweupe usio na mwisho, tambarare, mtupu.

Nikatafakari. Sikuchora ovyo, naomba mlijue hilo. Nilikaa na ukurasa ule nusu siku. Nikajiuliza kama anavyojiuliza fundi: mto huu unatoka wapi, unaishia wapi? Na nikajibu kama atakavyojibu mtu yeyote aliyekulia hapa. Kwetu mito haiendi baharini. Korongo hushuka kutoka vilimani, hupita baina ya majabali, huishia kwenye uwanda mweupe. Uwanda ule ni ziwa la chumvi, na maji yakishafika pale hayana pengine pa kwenda. Nimeona hivyo tangu nikiwa mgongoni. Weupe ni mwisho. Weupe uko chini.

Basi nikachora. Bahari juu, maji yanaganda, mapande yanasukumana kuingia, ulimi unashuka baina ya milima, unaishia kwenye uwanda. Na kwa kuwa Msengi alinifundisha kwamba nyeupe tupu ni ukuta, si kitu, nilitia tone la buluu kwenye barafu na majivu kidogo kwenye vivuli. Kisha nikaweka mishale mitatu ya buluu iliyokolea, mikubwa, ili hata aliye mstari wa nyuma aone inakwenda wapi: kutoka baharini kuelekea bara.

Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila majivuno kwa sababu uzuri wake ndio uliodhuru. Watoto walisimama mbele yake na kujishika mabega kama wanaosikia baridi. Mwalimu mkuu alisema hajawahi kuona ukuta wa namna ile. Watu wa mnadani walisimamisha punda. Mzee mmoja aliniuliza kama chumvi ile ni ya ziwa la Singidani au la Kitangiri, nikamwambia si chumvi, ni barafu, akasema, "Haya, lakini umeipatia."

Ningetakiwa nimsikilize zaidi mzee yule.

Mwalimu Kiula alirudi baada ya wiki mbili. Darasa la saba walikuwa wamefanya mtihani wa majaribio, akasahihisha usiku wake wa kwanza. Kesho yake, Ijumaa, nilikuwa nasafisha brashi kwa mafuta ya taa, akaja akasimama mbele ya ukuta mikono kiunoni.

"Fundi," akasema, "mshale wako unapanda mlima."

"Unashuka, mwalimu. Unaishia hapa kwenye weupe."

"Huo weupe ndio juu."

Nikamtazama. Nilidhani msiba umemchosha.

"Juu namna gani? Si tambarare hii?"

"Ni tambarare iliyo juu. Juu karibu na kilele cha Hanang, na yote ni barafu. Huko theluji inaanguka kidogo sana, kukavu kuliko Manyoni. Lakini haiyeyuki. Ya mwaka huu inalala juu ya ya mwaka jana, miaka na miaka, mpaka uzito wake wenyewe unaisukuma itafute njia. Inapita hapa baina ya milima. Inashuka mpaka baharini. Haya mapande hayaingii, fundi. Yanatoka. Yanakatika na kuelea."

Nikauangalia ukuta. Ni jambo la ajabu kuiona kazi yako ikigeuka mbele ya macho yako bila brashi kuguswa. Ng'ombe wangu walikuwa wakitoka zizini, na mimi nilikuwa nimewageuza vichwa.

"Umetuchorea Singidani," akasema, akaanza kucheka, kisha akaacha. "Nilishangaa jana usiku. Kulikuwa na swali la barafuto. Zaidi ya nusu ya darasa wameandika inatoka baharini. Nikasema hawa watoto wamekunywa togwa iliyochacha."

"Elisha?"

"Na Elisha."

Mwalimu Kiula alikuwa mtu mwema. Alijua habari za baba mdogo, kila mtu alizijua, na alijua kwamba Jumatatu, siku ya mnada, baba mdogo angepita kuuona ukuta. Akasogea karibu.

"Jumapili hakuna mtu hapa," akasema. "Njoo na msasa wako. Mishale mitatu tu. Mwalimu mkuu hatagundua, shule zile mbili hazitagundua. Mimi nitawaeleza watoto darasani polepole. Imekwisha."

Nikasema ahsante mwalimu, na nilikusudia kufanya hivyo. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshapanga ni msasa upi.

Jumamosi tulikuwa tukipura alizeti, mimi na Elisha, kila mmoja na fimbo yake, vichwa vya alizeti katikati yetu juu ya turubai. Tabitha alikuwa akipepeta na Mika alikuwa akila mbegu na kutema maganda kwenye zile safi. Nilimuuliza Elisha bila kumtazama.

"Swali la barafuto ulijibu nini?"

"Inatoka baharini inakwenda bara."

"Daftari lako linasemaje?"

Akapiga fimbo mara mbili.

"Linasema inashuka kutoka nchi ya juu kwenda baharini. Mwalimu alituandikisha kabla hujachora."

"Sasa kwa nini hukuandika hivyo?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini jua linachomoza.

"Si wewe ndiye uliyechora, dada?"

Tukaendelea kupura. Mimi ndiye niliyekuwa napiga vibaya, mbegu ziliruka nje ya turubai na kuku wakazila.

Vijana, nimefikiria jibu lile miaka mingi. Kama angekuwa mjinga, ningesema mjinga. Lakini alijua. Alikuwa na jibu sahihi mkononi mwake, kwa mwandiko wake, akaliweka pembeni kwa sababu mimi nilisema vingine. Kama ningebadilisha mishale Jumapili kwa siri, Jumatatu angeukuta ukuta umegeuka na angeamini ule mpya vilevile, bila kuuliza. Na wenzake hivyohivyo. Watoto mia kadhaa wakiamini chochote nilichopaka. Sikuwa nimelea kwa ajili hiyo. Lakini pia nilijua kwamba nikisema hadharani, baba mdogo atakuwa amesimama pale, na nitakuwa nimempa kwa mkono wangu sababu aliyokuwa akiitafuta.

Jumatatu nilifika mapema nikamwambia mwalimu mkuu. Hakufurahi.

"Wageni wa zile shule mbili wameshauona ule ukuta," akasema. "Wameusifu. Sasa unataka niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Nipe dakika chache mstarini, nitasema mimi."

"Wewe binti una kichwa kigumu."

"Ndiyo, mwalimu."

Akanipa. Watoto wakajipanga, wakaimba, bendera ikapanda. Nikasimama mbele na msasa, kopo la rangi nyeupe na lile la buluu. Na nyuma ya mistari, pale njiani, nikamwona baba mdogo Mkumbo na fimbo yake mabegani, na mbuzi wawili wa kuuza. Alikuwa amekuja mapema kuliko nilivyotarajia.

"Mimi ndiye niliyechora picha hii," nikasema. "Nimekosea. Barafu hii haitoki baharini. Inatoka huku kwenye weupe, ambako ni juu, inakwenda baharini. Sikumuuliza mtu. Nilidhani ni kama kwetu."

Kisha sauti ikatoka mstari wa darasa la saba:

"Kwa hiyo turudishiwe maksi!"

Uwanja mzima ukacheka, walimu nao. Nikageuka nikaanza kusugua mshale wa kwanza kwa msasa. Unga wa buluu ulishuka kwenye mkanda mweusi. Nyuma yangu nikasikia sauti ninayoifahamu.

"Siku zote nilisema. Kuchora ukutani ni kazi ya kufuta."

Wakacheka tena. Baba mdogo alikuwa amepita katikati ya mistari, mbuzi wakimfuata, hakuna mwalimu aliyethubutu kumzuia. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa akitazama ukuta.

"Hii barafu inakwenda, au imekaa?" akauliza.

"Inakwenda, baba."

"Kwa miguu gani?"

"Kwa uzito wake. Mwalimu anasema ukichomeka kigingi leo katikati yake, kesho kitakuwa kimesogea labda hatua moja."

"Hatua moja kwa siku." Akafikiria. "Na haya mawe katikati?"

"Yanaanguka kutoka milimani. Inayabeba mpaka mwisho."

"Na inafika?"

"Inafika. Inakatika vipande inaelea."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za ng'ombe wa ukoo mwingine. Kisha akageuka.

"Elisha! Njoo hapa."

Elisha akatoka mstarini, akaamkia.

"Wewe ulikosa swali hili?"

"Nilikosa, baba."

"Kwa sababu ya dada yako."

"Daftari lilikuwa sahihi. Sikuliamini."

"Ulimwamini yeye."

"Ndiyo."

"Na akichora kingine kesho?"

Elisha akautazama ukuta, pale mshale mmoja ulipobaki doa na miwili bado imesimama. Akanitazama mimi. Nilitaka aseme ataniamini. Nakiri hivyo, nilikuwa na msasa mkononi na nilitaka hivyo tu. Mbele ya shule nzima, mbele ya baba mdogo, mtoto mmoja tu aseme dada yangu ananitosha.

"Nitaangalia daftari kwanza," akasema.

Nilijua kwamba yamekwisha. Nikaanza kuhesabu moyoni ni nguo zipi za nani, nani atabeba blanketi lipi. Baba mdogo alichora kitu mchangani kwa ncha ya fimbo, mstari tu, huku na huku. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lakini mstari wa mbele ulisikia:

"Ndama anayenusa maji kabla ya kunywa hakulelewa vibaya."

Akanigeukia.

"Wakae," akasema. "Na umalize hiyo mishale, jua linapanda." Akawapiga mbuzi wake kidogo, akaenda mnadani.

Nilimaliza mishale kabla ya upepo kuamka. Shule moja kati ya zile mbili iliniita. Nyingine haikuniita, na sikuuliza. Kikao cha ukoo hakikukaa tena juu yetu. Wote watatu walikulia nyumba moja, wakagombania blanketi moja, na Mika aliendelea kutema maganda kwenye mbegu safi mpaka alipooa.

Sasa la ufundi, maana ndilo mlilolifuata. Nilipofuta ile mishale nilipaka rangi ya maji juu ya mabaki ya rangi ya mafuta. Msifanye hivyo. Baada ya mwaka mmoja wa jua, mishale ya zamani ilianza kuchungulia chini ya ile mipya, rangi ya moshi, ikielekea kulekule ilikokosea. Nilitaka kuirudia. Mwalimu Kiula akakataa. Kila mwaka aliwasimamisha watoto pale, akawaambia mshale mmoja ni kweli na mwingine ni alivyodhani fundi, tafuteni ni upi na mniambie kwa nini. Darasa lile lilibomolewa wakati wa kujenga jipya, na la sasa lina karatasi ya plastiki iliyochapwa mjini na kupigiliwa misumari. Ina rangi nzuri. Ina Ncha ya Kusini yote, kamili, mpaka chini. Upepo umeshairarua kona moja.

Vijana wale watatu walimaliza ramani yao kwa uzi na mkaa. Nilikwenda kuitazama. Miraba yao ilinyooka. Nilitema mate nikabandika kiganja, kikatoka safi.

Elisha ni fundi wa pampu za maji, yuko Itigi, nywele zimeshaanza mvi. Huja kunitembelea baada ya mavuno. Nikimwekea kikombe cha chai nikamwambia nimeshatia sukari, anakoroga kwa kijiko, anaonja kwanza.